Kufunga, Upungufu wa Damu na Kipimo: Tahakiki ya Istilahi za Fomu ya Ridhaa

Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliwasili Karagwe, akapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alisimulia jinsi wanawake wa nyumba ya kifalme walivyonyweshwa maziwa hata wakanenepa wasiweze kusimama, na jinsi alivyompima mmoja wao kwa utepe: mzunguko wa mkono ulikuwa futi 1 na inchi 11. Hatuna haja ya kuisifu tabia ya mgeni yule. Hata hivyo, yeye mwenyewe anakiri kwamba hakuruhusiwa kupima mpaka alipoonyesha kwanza mikono na miguu yake. Mama yule aliuona utepe, akaona unapozungushwa, akajua kinachopimwa.

Mtafiti wa leo anayechunguza jinsi mwili unavyotumia chakula hana utepe wa kuonyesha. Huomba damu, akaipeleka maabara, na anayeitoa hana cha kushika ila maneno ya fomu aliyowekewa mbele yake. Fomu ya namna hiyo, iliyokusudiwa wananchi wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ililetwa kwetu na ofisi moja ili tuihakiki kabla haijatumika. Sarufi yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa katika istilahi, nasi twaona yafaa kulieleza hapa, kwa kuwa makosa yale yale tumeyakuta katika tafsiri nyingine za tiba.

Fomu ilimtaka mshiriki "afunge kwa saa 10" kabla ya kutolewa damu. Katika Kiswahili kufunga ni ibada kwanza. Mwislamu akiambiwa afunge ataacha hata maji, naye atahesabu tangu alfajiri hadi magharibi; mtu wa maabara alikusudia usiku, na maji ameyaruhusu. Mkristo naye aweza kuacha nyama tu akaona ametimiza. Sasa tuitazame Karagwe yenyewe. Huko, kama katika sehemu nyingine za Kagera, buni zilizochemshwa na kukaushwa hutafunwa, na mgeni hukaribishwa kwazo. Je, kutafuna kahawa ni kula? Mwenyeji hatasema hivyo. Kwake chakula ni ndizi na maharage. Wala rubisi haihesabiwi kuwa chakula. Lakini kafeini huongeza adrenalini katika damu, na pombe huathiri sukari. Basi mtu aliyeyafuata maagizo kwa uaminifu kamili ataharibu matokeo, kisha atalaumiwa kuwa mkaidi! Tulipendekeza fomu iseme hivi: "Ukishakula chakula cha jioni, usitie kitu kinywani mpaka utakapotolewa damu asubuhi: usile, usinywe pombe wala chai, usitafune kahawa. Maji matupu yanaruhusiwa." Maneno ni mengi badala ya moja, tunakubali, wafasiri wenzetu hupenda ufupi kupita kiasi.

Ukurasa wa pili ulieleza kuwa utafiti utachunguza "upungufu wa damu", na mstari uliofuata ukasema kuwa mshiriki atatolewa mililita 5. Mkulima asomaye mistari hiyo miwili pamoja ana haki ya kuuliza: ikiwa damu yangu ni pungufu, mbona mwataka kuipunguza zaidi? Katika nchi ambayo hofu ya mumiani haijasahaulika, swali hilo si la mzaha. Kinachopungua hasa ni hemoglobini, ambayo baadhi ya wauguzi huiita wekundu wa damu, na istilahi hiyo ya zahanati twaiona bora kuliko ile ya vitabuni. Tena mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, kutoka katika mwili wa mtu mzima wenye takriban lita 5. Fomu haikulisema hilo popote.

Feritini, yaani protini inayohifadhi chuma, ilifasiriwa "kiwango cha chuma". Tuliandika "akiba ya chuma", ingawa hata hapo mfasiri ajihadhari: feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, malaria ikiwa mojawapo, bila akiba yenyewe kuongezeka. Kuhusu iodini tulirudisha jina ambalo watu wamelizoea kwa ajili ya chumvi, yaani madini joto. Jina hilo lina bahati, kwani tezi ya shingo hutumia madini hayo kutengeneza homoni ambazo, pamoja na kazi nyingine, huusaidia mwili kuzalisha joto.

Homoni zenyewe ziliitwa "vichocheo". Neno hilo lina mzigo mkubwa tayari: wanakemia wanalitumia, na mtaani hata pilipili ni kichocheo. Twapendelea homoni. Pia haifai kuzichanganya na virutubishi kana kwamba hupimwa kwa mizani moja. Mtu aliyelala bila kula ana glukosi ya karibu milimoli 5 kwa lita moja ya damu, na insulini ya makumi machache tu ya pikomoli. Kwa kila molekuli ya insulini mna molekuli za glukosi zipatazo milioni 100. Kiasi kidogo hivyo hakikupimika kwa usahihi mpaka Solomon Berson na Rosalyn Yalow walipoeleza, mwaka 1960, njia yao ya kutumia kingamwili na mnururisho, iliyompatia Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Limebaki neno kipimo, ambalo katika fomu ile lilikuwa chombo, tendo, damu yenyewe na jibu. "Kipimo chako kitahifadhiwa". "Utapewa kipimo chako". Mgonjwa aweza kudhani atapewa dawa, maana kipimo ni dozi pia. Tuliweka "sampuli" mahali pa kwanza na "majibu" mahali pa pili. Ofisi iliyapokea mapendekezo yetu yote isipokuwa "majibu", ikidai kuwa si neno la kitaalamu. Wanaopanga foleni asubuhi kwenye dirisha la maabara huulizia majibu yao. Hatujamsikia hata mmoja akiulizia kipimo chake.