Mpambaji wa Oktoba 14

Mjini Bariadi mpambaji hupata jina kwenye harusi, lakini mtihani wake wa kweli ni Oktoba 14. Harusi ina rangi za bibi harusi, na zikikosewa atakayenuna ni shangazi. Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ina rangi za taifa. Vitambaa ni vilevile vya kukodi, pengine Jumamosi iliyopita vilikuwa kwenye sendofu ya mtu, na sasa vinatakiwa visimame wima mbele ya mgeni rasmi.

Mwaka 2016 nchi nzima iligeuza macho huku, mbio za Mwenge wa Uhuru zilipofikia kilele Simiyu, mkoa uliokuwa na umri wa miaka minne tu. Miaka mingine siku hiyo hupita katika ukumbi wa shule au kiwanja cha kata. Kwangu huko ndiko ufundi unakoonekana, maana pesa hakuna.

Chukua bendera tu. Wenye haraka hupanga kijani, njano, nyeusi na bluu, wakaenda zao. Bendera yetu ina njano mbili, moja kila upande wa nyeusi. Fundi ninayemsifu huanza na nyeusi katikati, huikunja marinda ya vidole viwili viwili, akabana pini kwa nyuma ili vichwa vyake visionekane. Njano huiachia itokeze juu na chini kama pindo la kanga. Kijani hukaa juu, bluu chini. Akimaliza hatazami kutoka meza kuu. Huenda kusimama watakapoketi watoto, kwa sababu meza kuu huyapa mapambo mgongo tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho.

Rangi hizo zina mtego wake. Kijani na njano zikizidi, watu wanasoma chama tawala, na hii ni wilaya iliyowahi kumpeleka John Cheyo wa chama cha upinzani cha UDP bungeni. Macho ya hapa yamezoea kupambanua. Fundi huongeza nyeusi na bluu kimyakimya, wala hamwelezi mtu.

Halafu kuna upepo. Oktoba ya Bariadi ni vumbi, na bango la turubai lisilotobolewa matundu hugeuka tanga likang'oa nguzo zake. Maputo nayo hupasuka kwa jua hata hotuba hazijaanza. Mimi siyalilii.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni picha. Kwenye mabango Mwalimu ameshika kifimbo, au anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 26, 1964. Mpigania uhuru yupo, rais yupo, Baba wa Taifa yupo. Mwandishi hayupo. Yule aliyefasiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zikachapishwa yeye akiwa madarakani na nchi changa ikimlilia kila saa. Yule ambaye mwaka 1962 aliandika kijitabu cha Tujisahihishe na kuwachambua wanachama wenzake wa TANU bila kuwapaka mafuta. Yule ambaye uzeeni, badala ya kupumzika, aliigeuza Enjili kuwa tenzi. Ni watawala wangapi duniani waliowahi kukaa na Shakespeare usiku, wakitafuta neno la Kiswahili litakalotosha?

Katika shule moja nje kidogo ya mji niliona mpambaji aliyelijibu jambo hili kwa mikono yake. Pembeni ya jukwaa aliweka meza tupu, bila kitambaa, juu yake vitabu vya Mwalimu alivyoazima kwa walimu na wastaafu, vingine majalada yameshonwa kwa uzi. Hakutaka maua ya plastiki. Alikuwa na matawi ya pamba iliyopasuka, aliyoyakata mapema na kuyatunza, kwani baada ya mavuno mkulima hutakiwa kung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasivuke msimu. Pamba nyeupe, karatasi zilizogeuka manjano; sikuona haja ya kitu cha tatu.

Nyuma ya meza zilining'inia manila ambazo juu yake wanafunzi walikuwa wamenakili aya nzima za Tujisahihishe kwa kalamu nene. Kazi ya mpambaji hapo ilikuwa kuzitafutia mahali. Alizishusha hadi kimo cha macho ya mtoto wa darasa la tano, akazihamishia upande wa kivuli ili msomaji asikunje uso. Mzee mmoja alifika, akawasalimu watoto "Mwangaluka," kisha akasahau kwenda kuketi. Alisoma kwa sauti manila ya kwanza hadi ya mwisho, watoto wakimsahihisha penye mwandiko mbaya, huku kipaza sauti kikimwomba yeyote aliyesimama akae.

Wapo wanaomkumbuka mwandishi wao kwa njia nyingine. Kule Copenhagen, Denmark, katika bustani ya starehe ya Tivoli iliyofunguliwa mwaka 1843, mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen ametengenezewa mchezo mzima: mtu hupanda sanduku likampitisha ndani ya hadithi zake. Nawapongeza. Ila sanduku lina mwendo wake, na ukitaka kurudia ukurasa halikusubiri. Mzee wetu alirudia aya moja mara tatu.

Kamati za maandalizi hupanga chakula kwanza, kisha muziki, kisha mafuta ya magari, na fungu la mapambo hubanwa mwisho kabisa. Halafu wanakamati haohao huuliza kwa nini kila mwaka ni maputo. Manila, pini na nauli ya kuzungukia vitabu ni gharama ya kreti chache za soda. Ningeanza na soda za meza kuu.