Dereva wa teksi filamuni: ni masikio tu, au ana ulimi?

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza binti yangu Kenyatta Market kusukwa nywele. Anayelifahamu soko hilo anajua kwamba shughuli hiyo ni ya nusu siku. Wasusi watatu au wanne humzunguka mteja mmoja, kila mmoja na upande wake wa kichwa, na bado saa zinakwenda. Nilikula mbavu za mbuzi kama wafanyavyo wanaume wengi wanaosubiri pale, kisha nikaingia kwa kinyozi kupunguza hizi nywele chache zilizobaki.

Runinga ilikuwa ikionyesha Collateral, filamu ya Michael Mann ya mwaka 2004. Jamie Foxx ni Max, dereva wa teksi jijini Los Angeles anayelazimishwa kumwendesha muuaji wa kukodiwa, Tom Cruise, usiku kucha. Ila sauti haikuwa ya Foxx. Ilikuwa ya mmoja wa wale wasimulizi wetu wanaozitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili na Sheng, kazi ambayo DJ Afro ameipa umaarufu mkubwa humu nchini. Madereva watatu wa teksi zilizoegeshwa nje walikuwa wameegemea mlango wa kinyozi, funguo mkononi, wakicheka hadi machozi.

Hawakuchekeshwa na risasi. Mwanzoni mwa filamu, mwanasheria aitwaye Annie anaingia katika teksi ya Max na wanabishana kuhusu njia ya kupita. Max anamwahidi kwamba njia yake isipokuwa ya haraka, safari itakuwa ya bure. Katika Kiingereza, hayo ni mazungumzo ya adabu yanayokaribia utongozi. Msimulizi wetu aliyageuza yakawa mapatano ya nauli. Annie akawa mteja wa Nairobi mwenye mia tatu tu mfukoni. Max akalalamikia bei ya mafuta, akaapa, akapunguza kidogo, akakataa katakata, halafu akakubali.

"Huyo sasa ndiye dereva," mmoja wa wale watatu akasema. "Wale wengine wa movie huwa wanaendesha tu."

Kauli hiyo imenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu ni uhakiki, tena uhakiki mzuri kuliko mwingi ninaousahihisha.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Teksi, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu inavyoliandika, ni mkato wa jina la mita, yaani kile kifaa kinachohesabu masafa na kumwonyesha abiria deni lake. Ajabu ni kwamba teksi zetu za Nairobi, zile za mstari wa manjano ubavuni, kwa miaka mingi zimebeba jina la mita bila mita yenyewe. Bei ilipangwa kwa mdomo, dirisha likiwa wazi na mlango umefungwa. Maneno tuliyoyatumia yalikuwa ya kale kuliko gari. Nauli na abiria yote yametujia kutoka Kiarabu, na nauli hasa ilikuwa malipo ya safari ya chombo cha majini. Kwa hivyo mteja anayeinama dirishani Mbagathi Way na kuuliza, "Mpaka South B ni ngapi?" anaendeleza mazungumzo yaliyoanza bandarini.

Sasa zitazame filamu zinazoitwa za kale na bora. Mhusika hupunga mkono, gari husimama, huingia, husema aendako, gari hung'oka. Mapatano hakuna, kwa sababu mita imekwisha kupatana kwa niaba yao. Dereva amenyang'anywa tukio lake la kwanza la kusema, na akishalikosa hilo hubaki kisogo tu mbele ya wanaozungumza. Katika On the Waterfront ya 1954, Marlon Brando na Rod Steiger, ndugu wawili, wanapasuana mioyo kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Ni mojawapo ya maonyesho yanayosifiwa sana katika historia ya filamu za Marekani. Muulize aliyeitazama dereva alifananaje. Wengi hawakumbuki kwamba alikuwepo!

Martin Scorsese aliliona jambo hilo. Katika Taxi Driver ya 1976, filamu iliyotunukiwa tuzo kuu ya Cannes mwaka huohuo, kuna abiria, anayeigizwa na Scorsese mwenyewe, anayeketi nyuma na kueleza kwa kina jinsi atakavyomuua mkewe. Dereva Travis, yaani Robert De Niro, anasikiliza. Anajibu kwa nadra mno. Maneno yake ameyaweka kwingine: katika shajara anayoiandika usiku, na mbele ya kioo chumbani mwake ambako anajizungumzia peke yake. Wahakiki wengi huuita upweke wa jiji. Mimi nauona pia kama upweke wa kazi. Ni mtu anayelipwa awe masikio, na ulimi wake umeoza kwa kukosa wa kusema naye.

Aliyempa dereva ulimi ni Jim Jarmusch, katika Night on Earth ya 1991: teksi tano, miji mitano, usiku mmoja. Dereva wa Helsinki anasema Kifini, wa Roma Kiitaliano, wa Paris Kifaransa. Huyo wa Paris ni Mwafrika kutoka Cote d'Ivoire, anayeigizwa na Isaach de Bankolé. Mabwana wawili kutoka Kamerun wanamdhihaki, na dhihaka yao ni ya kilugha: kwa Kifaransa, jina la mtu wa nchi yake linalingana kimatamshi na maneno ya "haoni kitu". Anawashusha usiku huohuo. Nimeitumia sehemu hiyo darasani mara nyingi kufundishia tanakuzi za sauti na maana, na kila mara wanafunzi hushangilia anapofungua mlango.

Je, dereva wa Nairobi? Mtu wa Kampala ataniruhusu nimlete dereva wa matatu hapa, maana kwao matatu ndiyo huitwa teksi. Mwaka 2015 dereva wetu alifika kwenye skrini za ulimwengu mzima kupitia Sense8, msururu wa Netflix ulioongozwa na Wachowski na wenzao. Capheus anaendesha matatu iitwayo Van Damn, kwa heshima ya Jean-Claude Van Damme. Ni kijana mcheshi, mwenye huruma, anayehangaikia dawa za mama yake. Nilimpenda. Lakini anaigizwa kwanza na Mwingereza, Aml Ameen, na kwa sehemu kubwa anasema Kiingereza, hata pale ambapo dereva wa Nairobi hangethubutu kuwasemesha hivyo abiria wake. Najua utetezi: katika msururu huo Mkorea na Mjerumani nao wanasema Kiingereza. Sawa. Lakini lugha ya kituo cha matatu ndiyo chombo cha kazi cha dereva na makanga wake. Ukimvua hiyo umembakishia usukani tu.

Wala si kweli kwamba lugha yetu huwafukuza watazamaji. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka 2012, imejaa Kiswahili, Sheng na Kikuyu, na ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kasoro yake, kwa hoja yangu ya leo, ni kwamba inawajua wezi wa magari kuliko inavyowajua wanaoyaendesha.

Basi yule msimulizi wa kwa kinyozi alifanya nini? Alimrudishia Max mapatano. Simtakasi. Wasimulizi hawa hukatiza hadithi, huwatania wanawake kwa namna inayokera, na suala la haki za wenye filamu hawaligusi. Hata hivyo, alisikia pengo ambalo mwandishi wa Hollywood hangelisikia, akalijaza kwa lugha ambayo wenye kazi waliithibitisha papo hapo. Na mapatano hayo yenyewe yanatuponyoka. Tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015, bei hupangwa na programu, na dereva akikupigia ni kuuliza tu unaenda wapi na kama unalipa pesa taslimu au kwa M-Pesa. Waandishi wetu wa filamu wakichelewa, mazungumzo ya dirishani yatabaki katika kanda za wasimulizi peke yake.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Kama miaka kumi na miwili iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili alitaka kuandika tasnifu kuhusu lugha ya wasimulizi wa filamu. Alikuwa amezunguka vibanda vya video Kibera na Kawangware akirekodi. Nilimwambia, kwa sauti ambayo leo inaniaibisha, kwamba ule ni upuzi wa mitaani, atafute riwaya. Alitafuta. Alifuzu vizuri.

Jumapili nilimpigia simu. Sasa ni mwalimu wa shule ya upili, na alicheka nilipomweleza nimetoka kutazama nini. Nikamuuliza kuhusu zile rekodi.

"Kompyuta iliharibika, Prof. Zilienda nayo. Lakini kuna mbili zilibaki kwa simu ya zamani."

Amenitumia zote mbili. Moja ni ya filamu ya Kihindi, na katika dakika ya kumi na nne kuna mtu anasimamisha teksi. Nimeanza kuinakili, neno kwa neno.