Rebus na Fumbo la Ndani

Wapo wahakiki wanaozitupa riwaya za upelelezi jalalani, eti ni "riwaya pendwa" tu. Mimi sikubali. Hebu tuitazame Knots and Crosses (1987) ya Ian Rankin, yenye mandhari ya Edinburgh. Sajini John Rebus analetewa barua zenye fundo za kamba na misalaba ya njiti za kiberiti, haelewi kitu. Kumbe jibu analo mwenyewe kichwani, limefukiwa pamoja na mateso ya mafunzo ya jeshi, hata nduguye amlaze kwa hipnosisi ndipo lifukuke. Hapo msuko ndiye mhusika! Bwana Msa wetu, na kiko chake, hufumbua mafumbo ya wengine, lake hatulijui. Muuaji wa Rankin, nakiri, kachorwa kijuujuu.