Kurumbiza kwenye karatasi: picha ya kupaka rangi inavyofundisha kumtambua ndege

Kurumbiza mwenye nyusi nyeupe, ambaye wataalamu humwita Cossypha heuglini, ni ndege wa vichakani mwenye urefu wa sentimita 20 hivi. Katika eneo la Bomani, Tarime, ni vigumu kupata ndege anayefaa zaidi kwa somo la kupaka rangi. Hukaa karibu na watu: bustanini, kwenye vivuli vya migomba, kandokando ya ua wa michongoma, na pia katika vichaka vya Mto Mara upande wa Serengeti. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo mchoro mmoja huwatosha wote wawili.

Picha za kupaka rangi zinazochapwa kutoka kwenye intaneti kwa kawaida humwonyesha ndugu yake wa mbali, robini wa Ulaya, akiwa juu ya theluji. Nyingine zina robini wa Marekani, ndege mkubwa zaidi na wa familia nyingine kabisa. Mtoto wa Bomani anaweza kuijaza picha hiyo kwa ustadi mkubwa, lakini hana pa kwenda kuihakiki. Hiyo ni kasoro kubwa, kwa sababu faida ya kazi hii kisayansi imo katika kutoka nje, kumtazama ndege, kisha kurudi kusahihisha karatasi.

Thamani ya rangi kama ushahidi ilionyeshwa vizuri na David Lack, alipokuwa mwalimu wa Dartington Hall huko Devon, Uingereza. Aliwavisha robini pete za rangi miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akaweka ndege waliokaushwa ndani ya maeneo ya robini hao. Kishungi tu cha manyoya mekundu ya kifuani kiliweza kumfanya mwenye eneo ashambulie, ilhali ndege mzima mchanga, mwenye kifua cha kahawia, kwa kawaida aliachwa. Kitabu chake, The Life of the Robin, kilitoka mwaka 1943. Kwa robini, basi, kifua chekundu ni tangazo la kumiliki eneo. Mtoto anayepaka kifua cha ndege anashughulika na sehemu ambayo ndege wenyewe huisoma.

Karatasi nzuri hutengenezwa kwa kupunguza. Roger Tory Peterson alifuata njia hiyo katika mwongozo wake wa ndege wa mwaka 1934: michoro sahili, na msisitizo kwenye alama chache zinazotenganisha aina moja na nyingine. Kwa kurumbiza alama hizo ni nne: kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, rangi ya machungwa kuanzia kooni hadi tumboni, na mkia. Manyoya mengine hayahitaji kuchorwa moja moja. Watoto wadogo hupewa mistari minene na nafasi pana. Wakubwa huchora umbo wenyewe, wakianza na yai la mwili na duara la kichwa.

Mstari wa jicho ndio unaowashinda wengi, maana hakuna kalamu ya kuupaka. Weupe wake ni karatasi yenyewe, hivyo huzungushiwa alama nyembamba ya penseli kwanza, na nyeusi ya kichwa huja mwisho ili isiuchafue. Machungwa hupatikana kwa kupaka manjano, kisha nyekundu kidogo juu yake. Mgongo ni kijivu chenye dalili ya kijani iliyofifia. Mkia unahitaji uangalifu wa pekee: manyoya ya pembeni yana wekundu wa kutu, lakini yale ya katikati ni ya kahawia iliyokolea. Anayeupaka mkia wote rangi moja bado hajamwona ndege akiruka.

Penseli za rangi zikikosekana, somo halisimami. Mwalimu huchora umbo ubaoni, watoto hulinakili daftarini. Mkaa hufaa kwa kichwa, bizari ya manjano iliyoloweshwa hutoa manjano, na udongo mwekundu uliochekechwa hukaribia rangi ya mkia.

Utaratibu wa kuangalia una uzito zaidi kuliko vifaa. Mtoto hupaka karatasi ya kwanza kwa kumbukumbu tu. Baadaye darasa hutoka mapema asubuhi, au mtoto huangalia nyumbani jioni, saa ambazo kurumbiza huimba zaidi. Wimbo wake huanza chini na kupanda kwa kurudiarudia, na mara nyingi wawili huitikiana, kwa hiyo sikio humpata kabla ya jicho. Akishasikika, watoto hukaa kimya na kutazama ardhini, anakorukaruka akitafuta wadudu. Karatasi ya pili hupakwa baada ya hapo, na zote mbili huwekwa pamoja. Tofauti kati yake ndiyo ya kujadiliwa darasani, na ni kosa kutoa alama kwa unadhifu pekee.

Madarasa ya juu yanaweza kuongezewa karatasi ya kinda, ambaye ana madoadoa na hajapata nyusi nyeupe. Hapo pia huingia habari ya kekeo kifua-chekundu, anayetaga katika viota vya kurumbiza na kumwachia kazi ya kulea. Nyuma ya kila karatasi huandikwa tarehe, saa, mahali na alichokuwa akifanya ndege. Zikihifadhiwa kwa mwaka mzima, huonyesha ni miezi gani makinda yenye madoadoa yalionekana, na kama mvua ilikuwa imeanza.