Zakayo Juu ya Mkuyu: Lakabu na Kinaya katika Lugha ya Mitandao ya Kijamii

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jinsi mitandao ya kijamii inavyoifinyanga lugha ya kila siku nchini Kenya, kwa kurejelea lakabu moja: Zakayo. Mara nyingi lugha ya mitandao huhukumiwa kwa tahajia yake iliyokatwakatwa na kwa kuchanganya ndimi. Hukumu hiyo huliangalia umbo la neno na kuisahau kazi yake.

Lakabu hiyo alibandikwa Rais William Ruto, aliyeshika madaraka Septemba 2022. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipowasilishwa, jina hilo lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika X na TikTok. Mwezi wa Juni likatoka kwenye simu likaingia barabarani kama kiitikio: "Zakayo shuka!" Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa, siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangeutia mswada huo sahihi. Neno hili, basi, halikuwa mchezo.

Chimbuko lake ni Injili ya Luka, sura ya 19. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko, alikuwa tajiri na mfupi wa kimo. Alipanda mkuyu ili amwone Yesu, naye akaamriwa ashuke. Amri ile ilikuwa ya neema: aliyeitoa alitaka kuwa mgeni nyumbani mwa Zakayo. Kisa kinaishia kwa mtoza ushuru kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Katika mitandao kitenzi ni kilekile, ila mnenaji amebadilika. Anayeamuru sasa ni umati uliotozwa. Mkuyu umegeuka kiti cha utawala, na kushuka ni kung'atuka. Toba na marejesho hayatajwi.

Kinaya cha lakabu hii kimo katika kisichotajwa. Hadhira iliyolelewa na Biblia inaujua mwisho wa kisa, kwa hivyo kila "shuka" inabeba deni la mara nne ambalo halijalipwa. Ufupi huu ni jamaa wa ufupi wa leso: maneno ni machache, na aliyekusudiwa huelewa. Tofauti ni kwamba leso ina mvaaji anayejulikana, ilhali lakabu ya mtandaoni haina fanani mmoja. Kila anayeirudia huwa fanani, na mlengwa hana wa kumkabili.

Hata hivyo, si kila neno la mitandao lina kina hiki. Mwaka wa 2025 lilienea neno "wantam", lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya muhula mmoja. Neno hilo halina kisa nyuma yake. Lina mlio na hesabu tu. Ndiyo maana wafuasi wa Rais waliweza kulijibu kwa "tutam", yaani mihula miwili, kwa kubadilisha silabi moja. Zakayo haijibiki kwa njia hiyo. Anayetaka kuikana lakabu hiyo hana budi kukirejelea kisa, na kisa kinaishia kwenye marejesho.

Kwa kuhitimisha, mitandao ya kijamii haiifanyi lugha kuwa nyepesi au nzito. Huyapa maneno kasi na kuyanyima mwenyewe, na uzito hutokana na hazina ambayo hadhira tayari inayo. Mhakiki wa fasihi simulizi ana wajibu wa kuyarekodi maneno haya pamoja na tarehe na miktadha yake. Bila hivyo, msomaji wa kesho ataikuta lakabu kavu, asijue ni nani aliyeambiwa ashuke, wala alikuwa akidaiwa nini.