Makosa ya Vitabu vya Kuongoza Wageni Unguja

Kitabu cha kumwongoza mgeni ni mfano wa rubani: abiria haoni miamba, humwamini yeye tu. Kitabu cha viwanja vya golfu kikikosea idadi ya mashimo, mchezaji hupoteza jioni moja, na kesho husahau. Lakini kitabu cha habari za Unguja kikikosea, hupotea kumbukumbu ya watu waliouzwa. Tumevisoma vitabu kadhaa vya namna hii. Njia za Mji Mkongwe vimezieleza vema, nasi twavisifu kwa hilo. Lakini makosa matatu hurudiwa mno, nayo yatupasa kuyasahihisha.

La kwanza ni vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu la Kristo. Husemwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa kungoja mnada. Lakini soko lilifungwa kwa mapatano aliyoyatia sahihi Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873, na jengo lile lilijengwa na misheni baadaye. Chumba kisichokuwapo kingemfungia nani? Soko lenyewe halina shaka: lilikuwa hapo hapo, na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa katika kiwanja chake siku ya Krismasi ya mwaka ule ule.

La pili ni Changuu, ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Msomaji huambiwa kwamba jengo linaloonekana huko lilikuwa gereza la watumwa. Sivyo. Lilijengwa katika miaka ya 1890 kwa amri ya Sir Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, liwe gereza la wahalifu; wala halikutumika hivyo, bali kisiwa kilifanywa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi.

La tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba utumwa ulikoma Unguja mwaka 1873. Kilichokatazwa mwaka ule ni soko na kuwasafirisha watumwa baharini. Mashambani waliendelea kuitumikia mikarafuu ya mabwana zao. Huko Mangapwani pana chumba kilichochimbwa katika jiwe, nao wenyeji husimulia kwamba watumwa walifichwa humo baada ya soko kufungwa. Amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ilitoka 1897, na hata hapo ilimpasa mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake; tena masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Asemaye kwamba yote yalikwisha 1873 humnyang'anya mtumwa miaka 24 ya jasho lake.

Labda mtu atauliza: Kuna ubaya gani, maadamu mgeni amehuzunika? Twajibu kwamba ushahidi wa uongo huudhuru ule wa kweli. Akijua kesho kwamba chumba alichokililia kilijengwa baada ya soko kufungwa, atadhani soko nalo ni hadithi tu. Njia ya mwongo ni fupi.

Basi waandishi waache kunakiliana, waulize kila jengo lilijengwa mwaka gani. Na vijana wetu wanaowaongoza wageni wasione haya kusema, "Kitabu chako kimekosea." Kweli ya Unguja yatosha kumliza mtu, haihitaji kuongezewa chumvi.