Kabla ya kumwita babu yako mwasi, pima maneno uliyorithi

Waaustralia wana jambo moja ambalo huwa nawaonea gere. Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza iliwasafirisha huko wafungwa wapatao 160,000. Kwa muda mrefu, kuwa na babu aliyefika kwa pingu ilikuwa aibu ya kufichwa uvunguni. Leo ni fahari. Mjukuu huingia kwenye hifadhi ya nyaraka akatoka na jina la babu, kosa lake, miaka aliyohukumiwa na hata jina la meli iliyombeba.

Sisi wa pwani ya kusini ya Kenya nasi tunao mababu waliong'olewa kwao kwa nguvu wakapelekwa ng'ambo. Ila karatasi za namna hiyo hatuna. Tulicho nacho ni masimulizi ya wazee, shajara za koo, vitabu vichache na barua za maafisa wa kikoloni. Zaidi ya yote, tuna maneno. Hoja yangu wiki hii ni kwamba maneno hayo si mifuko mitupu ya kubebea habari. Mengi ni hukumu zilizokwisha kutolewa, na anayesaka ukoo wake asipoyapima atarithi hukumu akidhani amerithi historia.

Hebu tuanze na kisa chenyewe. Mazrui waliitawala Mombasa tangu karne ya 18. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Zanzibar aliutwaa mji huo. Muda si muda mwanawe, Khalid, akawakamata kwa hila wakuu wa Mazrui wapatao 25. Walipelekwa Zanzibar, kisha Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wakafia huko. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim, mtawala wao wa mwisho wa Mombasa. Waliosalimika wakatawanyika: tawi moja likaenda Takaungu upande wa kaskazini, jingine likashuka kusini hadi Gazi, karibu na Msambweni.

Mtoto wa huyo Rashid ndiye Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Kwa miongo kadhaa alipambana na masultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 akapigana na Waingereza. Agosti mwaka huo ngome yake ya Mwele, bara ya Gazi, ilishambuliwa na kikosi cha Admeri Rawson. Vita havikuisha hapo. Ilibidi wanajeshi waletwe kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani mbele ya Gavana von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Baba alifia Uajemi, mwana akafia Dar es Salaam. Wote wawili walifia mbali na kwao.

Sasa tuyatazame maneno. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Msambweni aliniletea rasimu ya tasnifu. Aliandika kwamba babu wa babu yake alikuwa "mmoja wa wahalifu waliotoroka na Mbaruk." Nikamuuliza, "Alihukumiwa na mahakama gani?" Akanijibu, "Hakuhukumiwa, Profesa. Ndivyo ilivyoandikwa."

Naam, ndivyo ilivyoandikwa! Kiswahili hakikumlazimisha kuandika hivyo, kwani kina akiba kubwa. Mfungwa ni aliyefungwa tu. Neno lenyewe halisemi kama ana hatia. Mahabusu ni aliyezuiliwa, pengine kesi yake haijasikizwa. Mateka ni aliyekamatwa vitani au kwa uvamizi. Mhalifu ndiye aliyevunja sheria. Wale 25 wa Bandar Abbas walikuwa mateka, kisha wafungwa. Kuwaita wahalifu kunahitaji sheria, na sheria iliyowahukumu hatuioni popote katika kisa chao.

Neno mwasi ni zito zaidi. Kuasi ni kukataa kumtii mtu ambaye utii ni haki yake. Ndiyo maana katika mawaidha twasikia mja amemuasi Mola wake. Tunapoandika "Uasi wa Mbaruk", tumeshakubali, hata kabla ya aya ya kwanza kwisha, kwamba Mbaruk alidaiwa utii na Waingereza. Huenda mwandishi anaamini hivyo. Basi na atetee. Lakini wengi hawaamini wala hawatetei. Wametafsiri tu kichwa cha habari cha afisa wa kikoloni. Neno vita lina pande mbili, na kila upande una sababu zake. Neno uasi lina upande mmoja na mkosaji mmoja.

Halafu kuna kitenzi kinachoonekana kipole kabisa: kuhamishwa. Mwalimu huhamishwa kutoka Diani hadi Kinango akalalamika nauli. Ofisi huhamishwa ghorofa. Nasi twaandika kwamba wakuu wa Mazrui "walihamishwa hadi Bandar Abbas", kana kwamba walipewa barua na marupurupu. Si kwamba neno halifai. Wasomaji wa Biblia wanaujua uhamisho wa Babeli, na hakuna anayedhani ulikuwa uhamisho wa kikazi. Tatizo ni kauli ya kutendwa iliyoachwa ikining'inia. Sarufi yetu inayo "na" ya mtenda: walihamishwa na nani? Andika: walikamatwa na Khalid kwa amri ya baba yake. Maneno machache tu, na mtenda amerudi kwenye sentensi.

Majina nayo yana mitego. Vita vya 1895 vilichochewa na ugomvi wa urithi wa Takaungu baada ya kifo cha Salim bin Khamis. Kampuni ya Waingereza ilimuunga mkono mwanawe, Rashid bin Salim. Mpinzani wake aliitwa Mbaruk bin Rashid, naye si yule wa Gazi. Kwa hiyo tuna akina Mbaruk bin Rashid wawili waliopigana upande mmoja katika vita vile vile. Tuna na akina Rashid bin Salim wawili: mmoja alifia kifungoni Uajemi, mwingine alikalishwa kitini kwa msaada wa Waingereza karibu miaka 60 baadaye. Anayeishia kwenye jina la baba ataoza shina la ukoo mmoja kwa tawi la mwingine. Dai jina la tatu, dai na mahali. Tena usisahau kwamba barua za Kiingereza huandika "Gasi" badala ya Gazi. Ukitafuta kwa tahajia moja utaambulia nusu ya habari.

Kuna pia suala la lugha ya kumbukumbu yenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu. Wengi wetu vyuoni twaisoma kwa tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1995. Ni kazi ya thamani kubwa, na ni nadra waliohamishwa kupata mwandishi wa damu yao. Lakini ni huyu huyu Sheikh aliyewaandikia watu wa kawaida kwa Kiswahili katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930. Msomaji wa Gazi anayetaka kujua kwa nini ukoo wa Mbaruk ulifika kijijini kwake hastahili kupitia lugha mbili kwanza.

Hapa nataka kuwaonya wenzangu tusije tukaruka majivu tukakanyaga moto. Dawa ya "mwasi" si "shujaa". Shujaa nayo ni hukumu, ila imepakwa asali. Mbaruk alikuwa na watumwa. Wageni wanaolitembelea jumba lake la Gazi, ambalo limewahi kutumika kama shule, husimuliwa jinsi alivyowatesa watu kwa moshi wa pilipili. Kisa hicho kipimwe kama vingine, lakini kisifichwe kwa sababu kinachafua ukoo. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Tazama neno hilo pia: mtumwa akienda zake ni mtoro, sheikh akivuka mpaka ni mhajiri. Mguu ni ule ule na njia ni ile ile. Kilichotofautiana ni cheo cha mwenye mguu. Silsila za masheikh zimehifadhiwa, lakini waliobeba mizigo yao hawana hata mstari. Mwanafunzi wangu alikuwa akimsaka mmoja wa hao.

Wapo watakaosema, "Profesa, haya ni mambo ya vitabuni." Si kweli. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Wakati huo Mbaruk alikuwa Dar es Salaam, chini ya Wajerumani. Aliyekwisha kuitwa mwasi, tena yuko ng'ambo ya mpaka, angesimamaje mbele ya afisa aseme "hapa ni kwetu"?

Na jirani zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, ilibidi watembee kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai kutambuliwa kuwa raia. Ukiulizwa babu yako alifikaje hapa, kuna tofauti kubwa kati ya "alikuja" na "aliletwa". Kitenzi kinaweza kukupa kitambulisho au kukunyima.

Kwa hivyo, ukikaa na mzee wako wa Gazi, Msambweni au Vanga, usikimbilie kuuliza "babu alikuwa nani?" Uliza alifanyiwa nini, na nani, wapi, na waliokuwa pamoja naye waliitwaje. Yaandike majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe kabla hujayageuza kuwa ya kitaaluma. Akisema "walimchukua", andika walimchukua, kisha umuulize hao waliomchukua ni akina nani.